Kuhesabu okidi pori za Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili, kuanzia kijijini hadi kwenye ripoti

Ukiulizwa katika kikao cha halmashauri okidi za wilaya yenu zimebaki ngapi, jibu la "zimepungua sana" halimsaidii mtu yeyote. Afisa misitu hawezi kulipeleka mahakamani, kijiji hakiwezi kulitungia sheria ndogo, na mchimbaji wa viazi vya okidi atakuambia bado zimejaa bondeni kwao. Kinachohitajika ni hesabu: imefanyika wapi, lini, kwa njia gani, na mtu mwingine akirudi pale baada ya miaka mitano aweze kuifanya vilevile na kulinganisha.

Mwongozo huu ni kwa watu wa Makete, Rungwe, Mbeya Vijijini, Ludewa, Wanging'ombe, Mufindi na kwingineko katika nyanda hizi: wahitimu wa misitu na botania, walimu wenye klabu za mazingira, maafisa maliasili wa wilaya, na wajumbe wa kamati za mazingira za vijiji. Nitazungumzia zaidi okidi za ardhini, zile zenye viazi, kwa sababu ndizo zinazochimbwa. Njia nyingi hapa zinafaa pia kwa mimea mingine.

Kwa nini okidi? Viazi vyake vinasagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda, kitoweo kinachopendwa sana Zambia. Viazi vya huko vilipoanza kuadimika, wanunuzi wakageukia kwetu. Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha tathmini iliyoonyesha kwamba viazi vinavyotoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia vilikuwa vinafikia mamilioni kwa mwaka. Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na kulinda maua yake ilikuwa sababu kubwa. Lakini hifadhi ina mipaka, ilhali okidi zinaota pia kwenye mabonde ya vijiji, kingo za mashamba ya viazi mviringo, na nyasi zilizobaki kati ya misonobari na mikaratusi. Huko ndiko hesabu inakokosekana.

Hatua ya kwanza: amua unatafuta jibu gani

Kuna kazi tatu ambazo watu huzichanganya, na zikichanganyika takwimu zote huharibika.

Ya kwanza ni kusaka. Unataka kujua aina fulani ipo au haipo, kwa hiyo unakwenda moja kwa moja mahali unapodhani utaikuta. Ya pili ni kuhesabu, ambapo unataka kukadiria idadi katika eneo zima. Hapo huruhusiwi kuchagua sehemu zenye maua mazuri tu, lazima upime na pale pasipo na kitu. Ya tatu ni kufuatilia, yaani kurudi kwenye viwanja vilevile kila msimu ili uone mabadiliko.

Ukisaka, ukakuta mimea 60 penye kijito, halafu ukaichukulia kama wastani wa bonde lote, utaiambia wilaya kwamba ina utajiri ambao haupo. Andika juu ya kila fomu ni kazi ipi kati ya hizo tatu. Neno moja hilo litamwokoa atakayesoma takwimu zako miaka kumi ijayo.

Hatua ya pili: sheria na vibali

Okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama pori walio hatarini, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1979. Nyingi ziko katika Kiambatisho cha Pili, maana yake biashara ya kuvuka mpaka inahitaji kibali cha kuuza nje. Mfuko wa viazi unaovushwa mpakani Tunduma bila karatasi hiyo ni kosa, hata kama vilichimbwa kwenye ardhi ya kijiji. Mishubiri pori nayo imo katika kiambatisho hicho, na pia *Prunus africana*, mti wa msitu wa mlimani ambao gome lake hutengenezewa dawa ya tezi dume.

Kibali cha utafiti kinategemea unapokanyaga. Utafiti kwa ujumla unaanzia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Ndani ya hifadhi ya taifa kama Kitulo, au pori la akiba kama Mpanga-Kipengere, utapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na mamlaka inayosimamia eneo, yaani TANAPA kwa hifadhi za taifa au TAWA kwa mapori ya akiba. Hifadhi za misitu za serikali kuu, pamoja na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe, ziko chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Msitu wa hifadhi wa kijiji uko chini ya serikali ya kijiji chenyewe. Anza miezi kadhaa kabla ya maua. Wengi huanza kuomba Januari, na kibali kinafika maua yameshakauka.

Omba ruhusa ya kukusanya sampuli waziwazi, na utaje idadi. Kibali cha kuingia si kibali cha kuchuma.

Hatua ya tatu: msimu na ramani

Okidi za ardhini huonekana wakati wa mvua. Kwenye uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, maua huanza kushamiri Desemba na kuendelea hadi Aprili, lakini si aina zote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo panga angalau mizunguko miwili, mmoja mwanzoni mwa mvua na mwingine Februari au Machi. Baadhi ya *Eulophia* hutoa maua mapema, mara nyingi kwenye nyasi zilizoungua, kabla majani yake hayajakomaa. Ukifika Machi utakuta majani tu na hutajua ni nini.

Kabla ya kutoka, kaa na ramani na picha za setilaiti. Gawa wilaya kwa aina ya mazingira: mabonde yenye unyevu, miteremko ya nyasi, sehemu za mawe, kingo za msitu, mashamba yaliyoachwa. Weka miraba ya kilomita 2 kwa 2 juu ya ramani. Ukubwa huo ndio unaotumiwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kukadiria eneo ambalo aina fulani imelikalia kwa ajili ya orodha yake nyekundu, hivyo kazi yako itaingia moja kwa moja kwenye hesabu za kimataifa. Aina iliyokutwa kwenye miraba 7 inahesabiwa kukalia kilomita za mraba 28.

Sasa chagua miraba ya kupima kwa kura. Ipe namba ndani ya kila aina ya mazingira, andika namba kwenye vikaratasi, tia kwenye kofia, chomoa. Njia hii ya kofia haina upendeleo, na mzee wa kijiji anaielewa bila maelezo marefu.

Jambo moja la kiufundi linaloharibu kazi nyingi: ramani za zamani za serikali za kipimo cha 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, lakini simu na GPS yako zinatumia WGS 84. Tofauti yake huku kwetu ni karibu mita 300, inayotosha kuhamisha mmea kutoka bondeni hadi mgongoni mwa kilima. Andika mfumo uliotumia kwenye kila fomu. Ukitumia vipimo vya UTM, yaani vya mita kwenye gridi iliyogawanywa kwa kanda, Mbeya, Njombe na mji wa Iringa viko ukanda wa 36 Kusini, ila ukivuka longitudo ya nyuzi 36 upande wa mashariki, kuelekea Udzungwa, unaingia ukanda wa 37. Na ukitumia nyuzi za desimali usisahau alama ya kutoa kwenye latitudo. Bila hiyo, okidi yako ya Makete itaruka ikweta na kuangukia upande wa Sudan Kusini na Ethiopia.

Hatua ya nne: ingia kijijini vizuri

Hapa ndipo kazi hufaulu au hufa, kwa hiyo usiharakishe.

Ripoti kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, kisha mwenyekiti wa kitongoji utakachopita. Chukua barua, acha nakala, saini kitabu cha wageni. Omba wakupe mtu wa kukuongoza, na mlipe kwa kiwango mlichokubaliana mbele ya mtendaji. Asiwe tu kijana mwenye miguu mepesi. Tafuta mama au mzee aliyechunga au kukata nyasi mabondeni kwa miaka mingi. Wao wanajua maua kwa mahali na kwa mwezi kuliko kitabu chochote.

Salamu kwanza. "Kamwene" kwa Wahehe na Wabena, "ugonile" ukiwa Tukuyu, na shikamoo kwa mkubwa popote pale. Kaa chini unapokaribishwa.

Tatizo ni hili: unauliza kuhusu kitu ambacho watu wanajua kwamba biashara yake ina kesi ndani yake. Ukianza na "Mnachimba chikanda hapa?" kila mtu atakana, na wengine wataenda kuwatahadharisha wenzao. Anza na mmea wenyewe. Onyesha picha ya ua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, ua hili unalifahamu?"

"Nalifahamu. Zamani lilijaa kule bondeni, tukienda kuchota maji tulilikanyaga. Sasa mpaka upande juu kabisa."

Katika jibu hilo umepata aina, mahali, mwelekeo wa mabadiliko na kipindi. Endelea polepole: "zamani" ni kabla ya nini? Kabla barabara haijatengenezwa, kabla misonobari haijapandwa, mwaka aliozaliwa mtoto gani? Matukio ya familia na kijiji yanakumbukwa kuliko tarehe. Andika alivyosema, kwa maneno yake, na jina la mmea kwa lugha yake. Usiandike jina la mtu kwenye fomu inayotaja uchimbaji. Tumia namba, na uwaambie mapema kwamba ndivyo unavyofanya. Kama mwenyeji wako amekuamini, usimgeuze kuwa shahidi bila ridhaa yake.

Wengi wanaochimba ni watu wanaotafuta ada ya shule au chumvi ya mezani. Ukiwaona kama maadui, hutajua ukweli wao, na bila ukweli huo hesabu yako itakuwa nusu.

Hatua ya tano: pima

Vifaa ni vichache: GPS au simu yenye ramani zilizopakuliwa, betri ya akiba, futikamba ya mita 50 au 100, fimbo mbili za mita moja, dira, lenzi ya kukuza mara 10, rula ndogo, ubao wa kuandikia, penseli. Kalamu ya wino iache nyumbani. Ukungu wa Uporoto na Kitulo unaloanisha karatasi, na wino ukisambaa kazi ya asubuhi nzima imekwenda. Beba koti la mvua na nguo nzito hata kama Chimala kulikuwa na joto. Ukishamaliza zile kona 57 za kupanda Matamba utakuwa katika hali ya hewa nyingine. Radi ikianza kunguruma uwandani, shukeni kutoka sehemu ya juu, acheni fimbo za chuma, msisubiri mmalizie mstari.

Nenda kwenye pointi iliyotoka kwenye kura. Toka hapo nyosha futikamba mita 100 kwa mwelekeo uliopangwa kabla ya kufika, si ule unaokuvutia. Tembea polepole ukihesabu kila mmea ulio ndani ya mita moja kulia na mita moja kushoto. Fimbo ya mita moja inamaliza ubishi wa "huu umo au haumo". Mkanda mmoja kama huo una mita za mraba 200.

Kwa kila mmea andika: umbali kwenye futikamba, upande, aina, na hali yake. Hali ni hizi: majani tu, kichipukizi cha ua, ua lililofunguka, tunda, umeliwa, umechimbwa. Shina moja ni mmea mmoja, hata kama mawili yamekaribiana. Tahadhari na baadhi ya *Satyrium*, ambazo hutoa majani kwenye chipukizi tofauti pembeni mwa shina la ua. Ukihesabu vyote viwili umeongeza mimea ambayo haipo.

Ukimaliza mkanda bila kukuta hata mmea mmoja, andika 0, saini, endelea. Sifuri ni takwimu kamili. Nimeona fomu nyingi ambazo mikanda mitupu haikuandikwa kabisa kwa sababu mtu aliona hakuna la kuandika, na papo hapo makadirio ya wilaya yakawa makubwa kuliko hali halisi.

Chukua mfano. Mikanda 10 katika bonde moja imetoa 0, 0, 0, 1, 0, 31, 9, 0, 5, 0. Jumla ni mimea 46 katika mita za mraba 2,000, sawa na 230 kwa hekta. Bonde likiwa na hekta 6, makadirio ni mimea 1,380. Lakini tazama jinsi ilivyokusanyika: mkanda mmoja umebeba theluthi mbili. Mtu akichimba pale tu, bonde limekwisha. Kwa hiyo ripoti itoe hesabu ya kila mkanda, si wastani peke yake.

Viwanja vya kufuatilia kila mwaka visiwekewe vitambaa vyekundu wala rangi. Mchimbaji anasoma alama kama wewe. Zamisha kipande kifupi cha nondo kwenye kila kona hadi kilingane na ardhi, piga picha ya kona na jiwe au mti ulio karibu, andika umbali na mwelekeo. Mwakani utakipata kwa dira na futikamba.

Hatua ya sita: tambua bila kung'oa

Huhitaji kuona kiazi ili kujua okidi. Kila kinachohitajika kiko juu ya ardhi, hasa kwenye ua. Tafuta mkia, yaani kile kifuko chembamba kinachoning'inia nyuma ya ua na ambacho mara nyingi hubeba nekta.

Mikia ni miwili na mdomo wa ua uko juu kama kofia: hiyo ni *Satyrium*. Mkia ni mmoja, na unatoka kwenye kofia ya juu ya ua, mdomo ukiwa mdogo chini: *Disa*. Mkia ni mmoja lakini unatoka kwenye mdomo, ua ni la kijani au jeupe na mdomo umegawanyika vidole vitatu: mara nyingi ni *Habenaria*. Shina limejaa majani mengi hadi kwenye maua, na maua ni ya zambarau au waridi: fikiria *Brachycorythis*. Shina la ua linatoka pembeni mwa majani, kutoka ardhini peke yake: *Eulophia*. Kufika kwenye jina la pili, la aina, kunahitaji mtaalamu au hebaria, yaani hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa. Usibahatishe. "*Satyrium*, waridi, haijatambuliwa" ni ingizo zuri. Jina la kubuni litaishi katika takwimu kwa miaka mingi na hakuna atakayejua kulitoa.

Piga picha zisizopungua sita kwa kila aina mpya: mmea mzima na mazingira yake, jani la chini, mpangilio wa maua, ua kwa mbele, ua kwa ubavu ili mkia uonekane wote, na ua likiwa na rula pembeni. Utie mmea kivuli kwa mwili wako, maana jua kali linafuta rangi ya waridi na njano. Picha ya mbele tu, ile nzuri ya kurushia marafiki, mara nyingi haitoshi kutambulisha aina.

Sampuli chukua pale tu unapokuwa na kibali na mimea ni mingi. Kata shina juu ya ardhi, acha kiazi, acha angalau jani moja. Mahali penye mimea chini ya 20 usikate shina. Chukua picha na ua moja tu, uliweke kwenye kichupa cha spiriti ya asilimia 70, kwa sababu ua la okidi likikandamizwa hupoteza umbo. Shina ulilokata penye mimea mingi litandaze kwenye gazeti, libane kati ya maboksi ya karatasi, badilisha magazeti kila siku hadi likauke. Katika baridi ya Makete hilo linachukua muda, na ukichelewa litaota ukungu. Lebo iwe na tarehe, mahali, mwinuko, mazingira, rangi ya ua likiwa hai, jina la wenyeji na namba yako. Peleka nakala kwenye hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Hebaria ya Taifa, Arusha.

Wapo watakaokuomba "uokoe" mimea kwa kuihamishia bustanini. Kataa. Mbegu za okidi ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na huota tu zikikutana na kuvu wa udongo anayezilisha. Mmea mzima nao bado unahusiana na udongo wake. Unaweza kuupata ukiwa hai mwaka wa kwanza, kisha ukafa bila kuacha mtoto.

Hatua ya saba: hesabu ambacho hukukiona

Nyasi zikiwa za kiunoni, hata macho mazuri hukosa mimea. Kupima ukosaji huo si vigumu. Kwenye baadhi ya mikanda, tuma watu wawili mmoja baada ya mwingine, kila mtu na fomu yake, bila kuzungumza wala kuweka alama. Kwa kuwa kila mmea umeandikwa umbali na upande, jioni mnalinganisha.

Tuseme wa kwanza ameona 20, wa pili 24, na 16 kati ya hiyo wameiona wote. Zidisha 20 kwa 24, gawanya kwa 16: unapata 30. Wawili kwa pamoja wameona 28, kwa hiyo huenda mimea 2 hivi haikuonwa na yeyote. La muhimu zaidi ni kwamba mtu mmoja peke yake alikuwa anakosa theluthi moja au moja ya tano. Fanya hivyo kwa kila mpimaji mpya, na usione haya kumwonyesha matokeo yake. Macho hufundishika haraka.

Kuna ukosaji mwingine ambao hakuna macho yanayoweza kuuziba: okidi ya ardhini inaweza kulala chini msimu mzima bila kutoa hata jani. Idadi ikishuka mwaka mmoja, usitangaze janga. Ikishuka miaka mitatu mfululizo na mashimo yakawepo, hapo sema kwa sauti.

Hatua ya nane: andika hatari ulizoziona

Uchimbaji unaacha alama inayosomeka. Utaona shimo dogo la jembe au kijiti, mashina yaliyotupwa yakiwa na majani yake, na pengine kiazi cha zamani kilichosinyaa. Okidi hizi kwa kawaida huwa na viazi viwili, cha mwaka uliopita ambacho kimelegea, na kipya kigumu kitakacholisha mmea wa mwakani. Mnunuzi anataka kipya. Hesabu mashimo kama unavyohesabu mimea, ndani ya mkanda uleule.

Lakini usimalize kila kitu kwa mchimbaji. Angalia vinyungu vipya, yaani bustani za bondeni, kwenye mabonde yenye maji, mifereji ya kukausha ardhi, mashamba mapya ya parachichi na viazi, misonobari iliyopandwa kwenye nyasi asilia, moto wa kila mwaka, ng'ombe. Shimo la mchimbaji linaweza kupona kama mbegu na kuvu bado vipo. Bonde lililokaushwa halirudi kirahisi. Kwa maoni yangu vijiji vingi vimepoteza okidi kwa jembe la shamba zaidi ya jembe la chikanda, na ripoti inayowataja wachimbaji peke yao inawaonea maskini na kuwaacha wenye mashamba makubwa.

Rudi mara moja baada ya maua kuanguka, uhesabu matunda. Maua mengi bila matunda yanaweza kuonyesha wadudu wa uchavushaji wamepungua, au mimea iko mbalimbali mno.

Kwa *Prunus africana* na miti mingine, njia hubadilika kidogo. Tumia mikanda mipana ya mita 10 kila upande, pima mzingo wa shina kwenye kimo cha mita 1.3, andika kiasi cha gome kilichobanduliwa na kama kimezunguka shina lote, na uhesabu miche iliyo chini yake. Mishubiri hesabu kwa mafungu, si kwa kila kichwa.

Hatua ya tisa: linda mahali

Ramani yako ikivuja, umemfanyia mchimbaji kazi yake yote. Weka mafaili mawili. La kwanza, lenye vipimo kamili, liko kwako, kwa afisa maliasili wa wilaya na kwa mamlaka iliyotoa kibali. Nyuzi zenye desimali nne zinamfikisha mtu ndani ya mita 11 hivi, na tano ndani ya mita 1. La pili ni la watu wote, na humo bakiza desimali moja tu, yaani kilomita 11 hivi, au jina la kata.

Zima huduma ya mahali kwenye kamera ya simu kabla ya kupiga picha utakazosambaza, kwa sababu vipimo hubaki ndani ya faili la picha. Ukiweka kwenye iNaturalist, tovuti ya watu kuandikisha mimea na wanyama waliowaona, chagua kuficha mahali. Waambie na wenzako wa timu, hasa vijana: picha ya bonde yenye mlima unaotambulika nyuma yake ni anwani tosha.

Hatua ya kumi: ripoti na kurudi

Andika ripoti mbili. Ya wilaya iwe na mbinu, mikanda yote pamoja na sifuri zake, makadirio, hatari, na mapendekezo yasiyozidi matano. Ya kijiji iwe ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, uisome mwenyewe katika mkutano mkuu wa kijiji, ukitaja mabonde kwa sifa zake kwa jumla na si kwa vipimo. Kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, omba mabonde yaliyobaki na nyasi asilia yaingizwe humo kabla hayajagawiwa. Sheria ndogo ya kijiji iliyopitishwa na wanakijiji inafanya kazi siku zote, hata siku ambazo gari la doria halifiki.

Piga picha kila ukurasa wa fomu za shambani siku hiyohiyo jioni, na hifadhi fomu zenyewe mahali pakavu. Kisha weka kwenye kalenda majuma yaleyale ya mwaka ujao, mikanda ileile, mpimaji mmoja wa mwaka huu, na mmoja mpya wa kutoka kijiji hichohicho.